Kinanda kimoja, moyo mmoja: Funzo la piano ya filamu kwa watunzi wa Bungoma na Kitale

MAMA ameketi kando ya kitanda kilichokuwa cha mwanawe. Hasemi neno. Kamera imetulia tuli. Kisha inasikika sauti moja ya piano, halafu ya pili, kimya kidogo, kisha ya tatu. Mtazamaji aliyekuwa akitafuna karanga bila wasiwasi anahisi machozi yakimlengalenga, ilhali hakuna aliyemwambia alie.

Kila mpenzi wa filamu amewahi kukutana na onyesho la aina hii. Muziki wake hauna ngoma wala tarumbeta, hauna kwaya wala mshindo. Ni mchezaji mmoja na ala moja, akipiga taratibu na kwa sauti ya chini kana kwamba yumo chumbani pamoja nasi. Waandaaji wa filamu wameutumia muziki huu kwa miaka mingi kueleza yale ambayo mhusika hawezi kuyatamka kwa kinywa chake.

Kijana anayeandaa filamu fupi kwa kamera ya simu, awe Bungoma, Kitale au kwingineko nchini, huvutiwa na muziki huo kwa urahisi. Tatizo ni kwamba njia nyepesi kwake ni kuuokota mtandaoni ukiwa tayari umepikwa na kupakuliwa. Matokeo yake ni kwamba mama anayelia katika kijiji cha Sirisia huombolezewa na wimbo uliotungwa na mtu asiyewahi kusikia kilio cha Sirisia. Zaidi ya hayo, kijana huyo anaweza kujikuta matatani kwa kutumia mali ya mtu bila idhini.

Makala haya yanaeleza jinsi muziki wa piano moja unavyofanya kazi katika filamu, ulikotoka, na kwa nini watunzi wa Bungoma na Kitale wana urithi unaoweza kufanya kazi hiyo hiyo, wakipenda kuutumia. Urithi huo ni litungu.

Neno lenye asili ya nyuzi

Tuanze na lugha yenyewe. Leo mtu akisema kinanda, wengi hufikiria ala ya vibonyezo iliyo kanisani au jukwaani. Hata hivyo, katika Kiswahili cha zamani neno hilo lilitumiwa hasa kwa ala ya nyuzi iliyochezwa kwa vidole katika mwambao. Baadaye ndipo likahamishiwa gramafoni, ogani na piano.

Wazee waliolihamisha neno hilo hawakukosea. Piano ni ala ya nyuzi, ingawa nyuzi zake zimefichwa ndani ya sanduku. Mchezaji anapobonyeza mojawapo ya vibonyezo vyake 88, nyundo ndogo iliyovikwa manyoya yaliyoshindiliwa huruka na kugonga uzi wa chuma. Ndani ya piano ya kawaida mna nyuzi zipatazo 230, kwa kuwa noti nyingi hutolewa na nyuzi mbili au tatu zinazogongwa pamoja.

Ala hiyo iliundwa mjini Florence, Italia, mnamo mwaka wa 1700 hivi na fundi Bartolomeo Cristofori. Jina lake kamili, pianoforte, limetokana na maneno ya Kiitaliano yenye maana ya sauti ya chini na sauti ya juu. Ala za vibonyezo zilizoitangulia hazikumruhusu mchezaji kubadilisha sana nguvu ya sauti kwa uzito wa kidole chake. Piano ilimruhusu. Kidole kikigusa kwa upole, uzi hunong'ona. Kikigusa kwa nguvu, uzi hupaza sauti. Uwezo huo wa kunong'ona ndio ulioifanya ipendwe na watu wa filamu.

Kutoka sinema bubu hadi okestra

Piano na filamu ni ndugu wa tangu zamani. Ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, walipoonyesha picha zao kwa watu waliolipa kiingilio mjini Paris mnamo Desemba 28, 1895, picha hizo hazikuwa na sauti. Katika miaka iliyofuata, ikawa desturi kumbi za sinema kumweka mpiga piano kando ya pazia, akiwatazama waigizaji na kubuni muziki papo hapo. Farasi wakikimbia, vidole vyake vilikimbia. Wapendanao wakiagana, alipunguza mwendo.

Mnamo 1908, mtunzi Camille Saint-Saëns wa Ufaransa aliandika muziki mahususi kwa filamu fupi kuhusu mauaji ya mtawala wa Guise. Kazi hiyo huhesabiwa miongoni mwa za mwanzo kabisa kutungiwa filamu. Sauti ilipoanza kurekodiwa pamoja na picha mwishoni mwa miaka ya 1920, studio kubwa za Marekani zilianza kuajiri okestra za watu wengi. Mpiga piano wa pembeni akapoteza kazi yake.

Kenya nayo ilisikika ulimwenguni kwa njia hiyo ya okestra. Filamu Out of Africa ya 1985, iliyosimulia maisha ya Karen Blixen karibu na vilima vya Ngong, ilipambwa kwa muziki wa Mwingereza John Barry, wenye fidla nyingi zinazopaa kama ndege ile iliyoruka juu ya mbuga. Muziki huo ulishinda tuzo ya Oscar, na uzuri wake haukanushiki. Lakini ni muziki unaotazama nchi kutoka juu. Hauingii ndani ya nyumba ya mtu na kuketi naye.

Mtu mpweke, ala pweke

Kwa nini basi mwelekezi mwenye uwezo wa kukodi okestra nzima aamue kutumia mchezaji mmoja? Jibu bora linapatikana katika filamu The Conversation, iliyoelekezwa na Francis Ford Coppola mnamo 1974 na kupata tuzo kuu ya tamasha la Cannes mwaka huo.

Filamu hiyo inamhusu Harry Caul, mtaalamu wa kunasa mazungumzo ya watu kwa siri. Anaishi peke yake, hamwamini mtu, na anazidi kuandamwa na hofu kwamba kazi yake itasababisha mauaji. Mtunzi David Shire alitarajia kupewa okestra. Badala yake, Coppola alimtaka aandike muziki wa piano peke yake. Isitoshe, muziki huo ulitungwa kabla ya picha kupigwa, si baada yake kama ilivyo desturi.

Uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Sauti ya watu 80 wakicheza pamoja humwambia mtazamaji kwamba mhusika yumo katikati ya jambo kubwa linalogusa ulimwengu. Sauti ya mtu mmoja humwambia kwamba mhusika huyu hana wa kumwegemea. Mtazamaji haelezwi kwamba Harry ni mpweke. Anausikia upweke wenyewe.

Kuna sababu ya pili. Sauti ya piano huanza kufa mara tu inapozaliwa. Fidla inaweza kuishikilia noti moja kwa muda mrefu, lakini uzi wa piano ukishagongwa hufifia wenyewe. Kati ya noti moja na nyingine pana mwanya, na mwanya huo ndio nafasi ya mwigizaji. Pumzi yake, mlio wa kiti, hatua za mtu mlangoni, vyote husikika. Muziki hauzibi onyesho.

Mtunzi aliyerudi kwa nyimbo za watu

Mfano wa pili una funzo kubwa zaidi kwa Wakenya. Mnamo 1993, mwelekezi Jane Campion wa New Zealand alitoa filamu The Piano, inayomhusu Ada, mwanamke wa Scotland katika karne ya 19. Ada hajasema neno tangu akiwa na umri wa miaka sita. Anasafirishwa hadi New Zealand kuolewa na mwanamume asiyemjua, naye anabeba vitu viwili anavyovipenda: binti yake na piano yake. Mumewe anaiacha piano hiyo ufuoni kwa sababu ni nzito mno kubebwa.

Kwa Ada, piano si pambo. Ndiyo ulimi wake. Mtunzi Michael Nyman, Mwingereza, alikabiliwa na swali gumu: mwanamke huyu angepiga muziki gani? Angeweza kuandika wimbo wowote mtamu. Badala yake alirudi kwa nyimbo za watu wa Scotland, akazitumia kama mbegu na kuziotesha upya kwa mkono wake. Alizingatia pia uwezo wa mwigizaji Holly Hunter, kwa kuwa ndiye aliyepiga piano hiyo mwenyewe mbele ya kamera.

Filamu hiyo iligawana tuzo kuu ya Cannes na filamu moja ya China, na Hunter akatunukiwa Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Lakini kwa mtunzi wa muziki, jambo la kukumbuka ni lile swali la Nyman. Hakuuliza ni muziki gani unaohuzunisha. Aliuliza mhusika huyu ametoka wapi, na mama yake alimwimbia nini.

Swali hilo likiulizwa kuhusu mhusika aliyezaliwa Kimilili au Kiminini, jibu haliwezi kuwa kipande kilichookotwa mtandaoni.

Siri ya sauti ya karibu

Msomaji huenda ameona kwamba piano ya filamu za siku hizi haivumi kama ile ya kanisani au ya ukumbi wa tamasha. Ni laini, imefifia, na nyuma yake husikika mibonyezo, mikwaruzo na hata pumzi ya mchezaji. Hiyo si hitilafu ya mitambo. Imekusudiwa.

Mafundi huweka kitambaa kizito kati ya nyundo na nyuzi ili makali ya sauti yapungue. Kisha kipaza sauti huwekwa karibu sana na nyuzi, wakati mwingine ndani ya ala yenyewe. Mjerumani Nils Frahm alijulikana kwa mbinu hiyo katika albamu yake Felt ya 2011. Alikuwa akipiga piano usiku na hakutaka kuwasumbua majirani. Baadaye alitunga muziki wa filamu Victoria ya 2015, ambayo ilipigwa picha mfululizo bila kukatwa hata mara moja.

Sikio la binadamu hutambua umbali. Mtu akinena kwa sauti ya chini nasi tukamsikia waziwazi, tunajua yuko karibu nasi. Kipaza sauti kilichoegemezwa kwenye nyuzi hufanya vivyo hivyo. Mtazamaji aliyeketi nyuma kabisa ya ukumbi hujihisi ameketi bega kwa bega na mchezaji.

Mtawa wa Ethiopia

Je, Afrika Mashariki ina muziki wa piano wa aina hii? Ndiyo, na mwenye sifa hiyo si mwingine ila Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou, mtawa wa Kanisa la Othodoksi la Ethiopia.

Alizaliwa Addis Ababa mnamo 1923 katika familia ya kikabaila na kusomeshwa Uswisi akiwa mtoto. Waitaliano walipoivamia Ethiopia, yeye na familia yake walikamatwa na kupelekwa uhamishoni. Baada ya vita alisomea muziki mjini Cairo, lakini akiwa bado kijana aliacha maisha ya anasa na kuingia utawani. Rekodi zake za kwanza zilitoka Ujerumani katika miaka ya 1960. Alihamia Jerusalem miaka ya 1980 na kuishi huko hadi alipofariki Machi 2023, akiwa na umri wa miaka 99.

Ukimsikiliza, utadhani vidole vyake havijui mpigo uliopimwa kwa saa. Vinakwenda kama mtu anayetembea huku akiwaza, mara haraka, mara pole. Ndani ya piano ile ya Kizungu mna mfululizo wa noti za Kiethiopia na mwangwi wa nyimbo za kanisa lao la kale.

Mnamo 2021, mwelekezi Rebecca Hall aliutumia muziki wa Emahoy katika filamu Passing, inayowahusu wanawake wawili weusi wa New York katika miaka ya 1920, mmoja wao akiishi kwa kujifanya mzungu. Kipande kimoja cha piano cha mtawa huyo kinarudi tena na tena. Hakikuandikiwa filamu hiyo, lakini kinaibeba siri ya wahusika wake kana kwamba kilitungwa kwa ajili yao. Mwafrika Mashariki huyo alithibitisha kwamba piano inaweza kukaribishwa nyumbani na kufundishwa lugha ya wenyeji.

Kadhalika, mtunzi na msomi wa Nigeria Akin Euba, aliyefariki 2020, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kueleza kwamba Mwafrika anaweza kuipiga piano kwa kufuata mantiki ya ngoma na ala zake, badala ya kuiga Ulaya.

Nyatiti iliyoingia filamuni

Hapa Kenya tunaye Ayub Ogada, ambaye kisa chake kinastahili kusimuliwa. Katika Out of Africa ya 1985, ile ya okestra kubwa, aliigiza kwa jina la Job Seda. Dunia ilimwona, lakini haikuisikia nyatiti yake.

Mnamo 1993 alitoa albamu yenye wimbo Kothbiro, jina ambalo kwa Kijaluo humaanisha kwamba mvua inakuja. Uti wa mgongo wa wimbo huo ni nyatiti, ala ya Waluo yenye nyuzi nane, na sauti ya mtu mmoja anayeimba bila haraka. Miaka 12 baadaye, mwelekezi Fernando Meirelles wa Brazil aliutumia wimbo huo katika The Constant Gardener ya 2005, filamu inayomhusu mwanadiplomasia anayechunguza kifo cha mkewe nchini Kenya.

Kwa hivyo, katika muda wa miaka 20, Mkenya yule yule alitoka kuwa uso nyuma ya wengine hadi kuwa sauti inayobeba huzuni ya filamu. Ogada alifariki Februari 2019. Aliacha ushahidi kwamba ala ya nyuzi ya eneo letu inaweza kufanya kazi ambayo waelekezi wengi huikabidhi piano.

Litungu si pambo la kijiji

Nyatiti ina ndugu wengi. Wagusii wana obokano, Wakuria wana iritungu, Waethiopia wana krar na begena, Waganda na Wasoga wana endongo. Nao Wabukusu wa Bungoma na Trans Nzoia wana litungu.

Litungu lina nyuzi saba zilizofungwa kutoka kwenye mti wa juu hadi kwenye kisanduku kilichowambwa ngozi. Zamani nyuzi hizo zilikuwa za mishipa ya wanyama. Siku hizi wengi hutumia nailoni. Mchezaji huziweka sawa kwa kufuata sauti yake mwenyewe, kisha hudonoa kwa vidole vya mikono yote miwili huku akiimba. Husikika harusini, kwenye sherehe za tohara ambazo kwa Wabukusu hufanyika Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, na kwenye mikutano ya wazee. Mpigaji wake si mtumbuizaji tu. Ni msimulizi, mkosoaji na mweka kumbukumbu.

Itakuwa makosa kudai kwamba litungu ni ala ya huzuni. Mara nyingi huchezwa pamoja na njuga na makofi, watu wakirusha mabega kwa furaha. Vivyo hivyo, piano nayo huchezwa katika vilabu vya dansi. Ala haina huzuni yake yenyewe. Huzuni huletwa na mwendo, uchache wa noti na ukimya unaozizunguka.

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Katika filamu nyingi zinazoonyesha Afrika, pamekuwa na mgawanyo wa kazi usiosemwa. Ala ya jadi hupewa kazi ya kutambulisha mahali: ng'ombe wakipita, jua likichwea, kina mama wakichota maji. Mhusika anapoanza kuwaza, kujuta au kupenda, ala hiyo hunyamazishwa na piano huletwa. Ni kana kwamba mlima una muziki wa Kibukusu lakini moyo hauna.

Mgawanyo huo hauna msingi. Mambo yale yale yanayoifanya piano ifae, litungu linayo. Ni ala ya mtu mmoja. Sauti yake hufifia mara inapodonolewa na kuacha mwanya. Inaweza kunong'ona. Na ikirekodiwa kwa karibu, mkwaruzo wa ukucha juu ya uzi ni wa karibu zaidi kuliko nyundo yoyote ya piano. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Jinsi ya kulitungia onyesho

Tuchukue mfano wa kubuni. Mzee mmoja alihama kutoka upande wa Bungoma baada ya Uhuru na kupata shamba katika mojawapo ya mipango ya makazi ya Trans Nzoia. Amelima mahindi humo maisha yake yote. Sasa mkewe ni mgonjwa, na usiku huu mzee ameketi nje ya ghala lake karibu na Kitale akiwa na hatimiliki mapajani. Kesho atatia sahihi ya kuliuza shamba. Mtunzi afanyeje?

Kwanza, achague wazo moja fupi la noti nne au tano. Wazo hilo lisikike mapema, mzee akiwa bado kijana, likichezwa kwa furaha kwenye litungu la babake. Mtazamaji hatalia kwa wimbo anaousikia mara ya kwanza. Hulia kwa wimbo anaoukumbuka.

Pili, ajue wakati wa kuingia. Muziki usimtangulie mwigizaji. Ukianza kabla mzee hajaitazama hatimiliki, utakuwa umemwamuru mtazamaji ahuzunike. Ukianza baada ya mzee kuikunja na kuitia mfukoni, utakuwa umeipokea huzuni aliyokwisha kuihisi.

Tatu, asiwe mchoyo wa kimya. Noti mbili, kisha nafasi ya pumzi mbili, kisha noti moja. Mwendo ufuate kifua cha mzee, si mpigo wa tarakilishi.

Nne, asilimalize wazo lile. Usiku huu likatike kabla ya noti ya mwisho, kwa maana jambo lenyewe halijamalizika. Noti hiyo inayosubiriwa iachwe hadi mwisho wa filamu, mjukuu atakapolichukua litungu kutoka ukutani.

Tano, arekodi kwa karibu. Kipaza sauti kielekezwe mahali nyuzi zinapokutana na ngozi, chumba kiwe na mablanketi ukutani, na kazi ifanyike usiku wakati magari yamepungua na hakuna mvua inayonyesha juu ya mabati. Asiongeze mwangwi wa kompyuta hadi sauti ionekane inatoka pangoni.

Mtunzi akipenda kuchanganya piano na litungu, azingatie kwamba nyuzi za litungu hazijapangwa kwa kipimo cha piano, na zikichezwa pamoja bila uangalifu zitagombana. Njia salama ni kuzipokezana: litungu liulize, piano ijibu. Asiye na piano anaweza kujifunzia kwenye kinanda cha umeme. Vibonyezo vyeusi peke yake hutoa mfululizo wa noti tano, na nyimbo nyingi za jadi za eneo letu zimejengwa juu ya mfululizo wa aina hiyo.

Sheria inasemaje?

Yapo pia masuala ya haki, na hapa wengi huteleza. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 humlinda mtunzi wa muziki maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Rekodi nayo ina ulinzi wake, tofauti na ule wa utunzi.

Tofauti hiyo ni muhimu. Frédéric Chopin alifariki 1849, kwa hivyo nyimbo zake za piano ni huru. Lakini rekodi ya mpiga piano aliyeucheza muziki wa Chopin mwaka jana si huru. Anayetaka kumtumia Chopin bila malipo amtafute mchezaji wake mwenyewe na kukubaliana naye kwa maandishi. Kwa muziki wa mtunzi aliye hai, zinahitajika idhini mbili: ya mwenye utunzi na ya mwenye rekodi. Filamu isiyo na idhini hizo inaweza kuondolewa mtandaoni, au kukataliwa na tamasha au kituo cha televisheni, hata iwe nzuri namna gani.

Nyimbo za jadi nazo si mali isiyo na mwenyewe. Sheria ya 2016 ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni inatambua kwamba jamii ina haki juu ya urithi wake, na inampa wajibu anayetaka kuutumia kwa biashara kupata idhini ya jamii husika kwanza. Serikali za kaunti zimekabidhiwa jukumu la kuweka sajili za urithi huo. Nyimbo za tohara, hasa, zina wakati na mahali pake. Mtunzi mwenye busara huwauliza wazee kabla ya kuzipeleka kwenye filamu ya mapenzi.

Naye mpiga litungu anayeitwa kurekodi alipwe kama mwanamuziki mwingine yeyote, na jina lake liandikwe mwishoni mwa filamu. Mzee aliyetumia miaka 40 kuvifundisha vidole vyake hapaswi kulipwa soda na nauli.

Kazi iliyo mbele

Mazingira ya kufanya haya yapo. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza 1927, limewapa wanafunzi jukwaa la piano na pia la ala za jadi. Tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo siku hizi lina kitengo cha filamu. Kinachokosekana aghalabu ni mwalimu mmoja wa kuwaambia wanafunzi wa kitengo hiki wawaendee wenzao wa kitengo kile.

Anayesafiri kutoka Kitale kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Kimilili, Chwele na Bungoma hupita katika nchi iliyojaa visa vinavyofaa filamu: mashamba yaliyouzwa, wana waliohamia Nairobi, wajane wanaopigania urithi. Visa hivyo vinastahili muziki uliozaliwa navyo. Piano si adui. Nyman na Emahoy wametuonyesha kwamba inaweza kusema lugha ya yeyote anayeifundisha. Lakini kabla kijana hajaokota kipande cha mgeni mtandaoni, na aende kwa yule mzee jirani mwenye litungu, aketi, asikilize. Mcheza kwao hutunzwa.